Maneno ya Jambo Lisilokuwa: Maana na Matumizi ya -NGE- na -NGALI-

Katika lugha yetu ya Kiswahili zimo silabi mbili ambazo kila mtu huzitamka kila siku, na walio wachache tu ndio wanaozifikiri. Silabi hizo ni -NGE- na -NGALI-. Kazi yake ni kueleza jambo lisilokuwa. Maana yake, jambo ambalo halipo, au halikutukia, lakini mtu analiweka mbele ya akili yake kama kwamba lipo, apate kuona ni jambo gani lingefuata. Vitabu vya sarufi huliita neno la namna hii hali ya masharti. Sisi leo twataka kueleza maana yake kwa mifano ya nyumbani, ya shambani na ya barazani, kwa kuwa tumeona mara nyingi ya kwamba mtu asiyezijua silabi hizi huweza kujiletea hasara, au kumletea mwenziwe hasara.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa vijana katika kazi ya ukarani, wazee wawili walitujia tuwaandikie hati. Mmoja alikuwa amekopa fedha kwa mwenziwe, akaweka rehani shamba lake la minazi. Maneno waliyopatana yalikuwa mafupi: “Akirudisha fedha zote, atarudishiwa shamba lake.” Sisi tuliyaona maneno hayo kuwa ya kawaida mno, hayana heshima ya hati. Tukataka kuyapamba. Tukaandika: “Angerudisha fedha zote, angerudishiwa shamba lake.” Tukawasomea haraka haraka, nao wakatia vidole vyao katika wino, wakaenda zao.

Miaka ikapita. Mwenye kukopesha akafa, na mwanawe akarithi mali yake. Mzee aliyekopa akaleta fedha zote, hapana iliyopungua, akataka shamba lake. Yule kijana akaifungua hati mbele ya baraza akaisoma kwa sauti, kisha akasema: “Tazameni, wazee wangu. Hati yenyewe yasema kwamba hakurudisha, wala hakurudishiwa. Shauri hili lilikwisha zamani.” Wazee wa baraza wakatazamana. Wengine walisema ni ujanja tu, na wengine walisema maandishi ni maandishi. Wakakaa tangu asubuhi hata alasiri. Mwisho aliitwa bibi mmoja mzee aliyekuwapo siku ya mapatano. Hakujua kusoma, lakini masikio yake hayakusahau. Akasema, “Sikusikia ‘angerudisha’. Nilisikia ‘akirudisha’.” Baraza likamwamini, na mzee akapata minazi yake. Bibi yule angalikuwa amekufa, shamba zima lingalipotea kwa ajili ya silabi moja, na mwenye kosa tungalikuwa sisi. Ndiyo sababu twaandika makala haya.

MILANGO MITATU

Mwenye kutaka kuzielewa silabi hizi na afikiri milango mitatu.

Mlango wa kwanza uko wazi. Huo ni mlango wa -KI-. Tukisema, “Akija, nitampa barua yake,” hatujui kama atakuja au hatakuja. Huenda akaja. Ahadi yetu yamngoja, na siku atakapokuja itatupasa kumpa. Kukanusha kwake ni -SIPO-: “Asipokuja, nitaituma barua.” Hapa pia hatujui. Ndiyo maana mapatano, ahadi na sheria huandikwa kwa -KI- na -SIPO-, kwa sababu hutazama mambo ambayo hayajaamuliwa.

Mlango wa pili umerudishwa. Huo ni mlango wa -NGE-. Tukisema, “Angekuja, ningempa barua yake,” twamjulisha msikiaji ya kwamba hakuja, wala sisi hatumtazamii kuja. Mlango haukutiwa kufuli, kwa kuwa wakati haujapita. Lakini hapana aonekanaye njiani. Kadhalika tukisema, “Ningekuwa na mabawa, ningeruka,” kila mtu ajua kwamba hatuna mabawa.

Mlango wa tatu umefungwa, na ufunguo wake umetupwa baharini. Huo ni mlango wa -NGALI-. Tukisema, “Angalikuja jana, ningalimpa barua yake,” jana imekwisha kupita, yeye hakuja, na barua hakupewa. Hapana awezaye kuirudisha jana.

Tofauti hii ya -NGE- kwa wakati uliopo na -NGALI- kwa wakati uliopita si jambo jipya. Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, aliionyesha katika kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja kilichochapwa mwaka 1870. Lakini yatupasa kusema kweli ya kwamba katika mazungumzo watu wengi siku hizi hutumia -NGE- kwa nyakati zote mbili, wakasema “Ningejua jana, ningekuja.” Katika mazungumzo hapana hasara kubwa, kwa kuwa neno “jana” humsaidia msikiaji. Katika maandishi, ambayo msomaji wake hawezi kumwuliza mwandishi, ni heri kuitunza tofauti.

JINSI ZINAVYOUNGWA

Silabi hizi huwekwa baada ya kiungo cha mtenda, mahali pa -NA-, -LI- au -TA-. Hivyo twapata: ningesoma, ungesoma, angesoma, tungesoma, mngesoma, wangesoma, na kwa wakati uliopita: ningalisoma, ungalisoma, angalisoma, tungalisoma, mngalisoma, wangalisoma. Vitu pia hufuata ngeli zao: mvua ingalinyesha, mto ungalijaa, shamba lingalizaa, visima vingalikauka. Maneno mafupi kama kuja, kula, kufa na kuwa hayaiachi KU- yake: ningekuja, angalikufa, ungalikuwa.

Kukanusha kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kuanza na kiungo cha kukana: singesoma, hungesoma, hangesoma, hatungesoma, hamngesoma, hawangesoma. Ya pili ni kutia -SI- baada ya kiungo cha mtenda: nisingesoma, usingesoma, asingesoma, tusingesoma, msingesoma, wasingesoma. Zote mbili ni Kiswahili. Ile ya -SI- ndiyo inayoonekana zaidi katika maandishi ya siku hizi. Na -NGALI- hufuata desturi hiyo hiyo: singalisoma, au nisingalisoma.

Tena, neno la masharti huwa na miguu miwili: mguu wa sababu na mguu wa tokeo. “Ungalipanda mapema” ni mguu wa sababu. “Ungalivuna” ni mguu wa tokeo. Silabi hukaa katika miguu yote miwili. Wengine huandika, “Ungalipanda mapema, utavuna.” Hilo ni kosa, maana mguu mmoja umefunga mlango na wa pili unaufungua.

Je, neno KAMA ni la lazima? Si la lazima, kwa kuwa silabi yenyewe yatosha. “Ningalijua, nisingalikwenda” ni sentensi iliyotimia. Ukipenda kusema “Kama ningalijua,” si kosa, nalo humtayarisha msikiaji. Tumepata pia maneno mawili kwa Waarabu, nayo ni LAU na LAITI. LAU ni ndugu wa KAMA, lakini yeye hupenda kukaa na jambo lisilokuwa: “Lau tungalikuwa na daraja, mtoto yule asingalizama.” LAITI ni neno la majuto au la kutamani: “Laiti ningalimsikiliza baba!” Mwenye kusema LAITI aweza kuuacha mguu wa pili, kwa sababu huzuni yake yajulikana bila kumalizwa.

Lakini msomaji atazame vema: KAMA peke yake haifungi mlango. “Kama alikuja jana, mlinzi alimwona” si sawa na “Kama angalikuja jana, mlinzi angalimwona.” Katika sentensi ya kwanza hatujui alikuja au hakuja; bado twatafuta. Katika ya pili tumekwisha amua ya kwamba hakuja. Mwenye kuamua shauri akimwuliza shahidi kwa namna ya pili, amekwisha kumwambia jibu kabla hajalisikia.

KATAA HUSEMA NDIYO

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hujikwaa. Katika maneno ya -NGALI-, anayesema ndiyo hukataa, na anayekataa husema ndiyo. “Angalikuja, tungalimwona” maana yake ni kwamba hakuja, wala hatukumwona. “Asingalikuja, tusingalipona” maana yake ni kwamba alikuja, nasi tukapona. Kila mguu lazima ugeuzwe ndipo upate habari yenyewe.

Tuchukue mfano wa barazani. Watu wawili wamegombana kilabuni, na mmoja amevunjwa jino. Mshitakiwa aulizwa, “Ulimpiga?” Naye, kwa hasira, ajibu: “Asingalinitukana, nisingalimpiga.” Yeye afikiri kwamba amejitetea. Naam, amejitetea kwa nusu, kwa kuwa ametoa sababu. Lakini kwa nusu ya pili amekiri. Tuigeuze miguu yote miwili: alinitukana; nikampiga. Karani akiandika “Mshitakiwa akana kumpiga,” kwa kuwa amesikia NISI-, ameandika uongo. Na karani akiandika “Mshitakiwa akiri kumpiga,” akayaacha maneno ya matusi, amemdhulumu, maana ameuondoa mguu wa sababu. Yampasa aandike maneno yote kama yalivyotoka kinywani.

Mwingine, katika shauri la wizi, asema: “Ningalikuwa mimi mwizi, ningalikimbia usiku ule ule.” Huyu hakukiri neno lo lote. Maneno yake yakigeuzwa ni haya: mimi si mwizi, sikukimbia. Lakini hapa yatupasa tuulize: je, hoja yake ni nzuri? Kutokukimbia kwake ni jambo ambalo jirani waliliona. Bali ile kamba afungayo mguu mmoja na mwingine, yaani kwamba kila mwizi hukimbia usiku ule ule, ni ya kwake mwenyewe, nayo yaweza kukatika. Wako wezi wakaao nyumbani wakatulia, wakaja hata kumpa pole aliyeibiwa. Basi katika kila neno la masharti kuna mambo matatu ya kupimwa: mguu wa sababu, mguu wa tokeo, na kamba iliyoifunga miguu hiyo miwili. Watu hupima miguu, wakaisahau kamba.

MFANO WA MTO

Walimu wataweza kuwafundisha watoto jambo hili kwa mfano wa mto. Mwalimu na aandike ubaoni: “Mvua kubwa ingalinyesha hapa kijijini usiku, mto ungalijaa asubuhi.” Kamba hii tumeiona kuwa ni imara, maana kila mvua kubwa inyeshapo, mto wetu hujaa. Kisha na awapeleke watoto mtoni. Wakiuona mto haukujaa, wana haki ya kusema ya kwamba mvua kubwa haikunyesha. Tokeo likianguka, sababu nayo huanguka pamoja nalo.

Lakini na awaulize sasa kwa upande wa pili: “Tukijua kwamba mvua haikunyesha hapa, je, tuna haki ya kusema kwamba mto haukujaa?” Watoto wengi watajibu, “Naam.” Hapo ndipo pa kuwafundisha. Mto waweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani, mbali na macho yetu, na mtu akavuka kwa kuamini kwamba hapa kwetu palikuwa pakavu, akachukuliwa na maji. Sababu moja ikianguka, tokeo halianguki kwa lazima, kwa kuwa laweza kuletwa na sababu nyingine.

Jambo hili lina faida nje ya shule. Mtu huambiwa, “Ungalivaa hirizi, usingaliugua.” Yeye asema moyoni, “Kweli, sikuvaa, nami nimeugua.” Miguu yote miwili ni ya kweli, lakini kamba ni ya mwenye kuuza hirizi. Na aulize: wale waliovaa, je, hawakuugua? Na wale wasiovaa, je, waliugua wote? Kwa namna hiyo mtu huipima kamba kabla ya kutoa fedha yake.

MITEGO YA MWANDISHI

Iko mitego mitatu ambayo mwandishi yampasa kuiepuka.

Mtego wa kwanza ni neno jingine linalofanana na -NGALI-, lakini maana yake ni BADO. Twasema, “Ningali kijana,” “Babu angali hai,” “Mvua ingali ikinyesha.” Hapa hapana jambo lisilokuwa, jambo lipo, na linaendelea. Tofauti huonekana katika nafasi baina ya maneno. “Angali akisoma” maana yake ni kwamba bado asoma. “Angalisoma” maana yake ni kwamba hakusoma. Mwandishi akiandika “Angali soma,” amemwacha msomaji njia panda. Katika hali ya masharti, -NGALI- haiachani na neno lake. Huandikwa neno moja, bila nafasi.

Mtego wa pili ni -NGELI-. Wako watu wengi wasemao “ningelisoma, ungelisoma” mahali pa “ningalisoma, ungalisoma.” Hatusemi kwamba ni kosa, ni Kiswahili cha watu, na wengi wamezaliwa nacho. Lakini katika maandishi yaweza kuleta shaka, kwa kuwa -LI- ni kiungo cha kitu pia. Mtu akiandika, “Gazeti lile angelisoma,” je, ataka kusema kwamba angesoma gazeti, ndilo hilo LI, ama ataka kusema kwamba wakati wake umepita? Neno ni moja, maana ni mbili. Akiandika “angalisoma,” hapana shaka juu ya wakati, na akitaka kulitaja gazeti, ataandika “angalilisoma.” Basi kwa ajili ya uwazi sisi twapendelea -NGALI- katika hati na barua.

Mtego wa tatu ni kuchanganya nyakati. Walimu wengi, hasa wa Kenya, huwafundisha watoto ya kwamba -NGE- hufuatana na -NGE-, na -NGALI- hufuatana na -NGALI-. Kanuni hii ni nzuri kwa mwanafunzi, na mambo ya wakati mmoja yasichanganywe kamwe. Hata hivyo mara nyingine sababu ni ya zamani na tokeo ni la leo. Mzee amwambia mwanawe: “Ungalisoma ulipokuwa mtoto, leo ungekuwa mwalimu.” Kutokusoma kumekwisha kupita, kutokuwa mwalimu kuko leo. Masikio yetu hayaoni ubaya katika sentensi hiyo, maadamu neno “leo” limewekwa kuonyesha njia. Lakini mtoto anayejibu mtihani na aifuate kanuni ya mwalimu wake.

ADABU NA AHADI

Silabi ya -NGE- ina kazi nyingine ambayo si ya jambo lisilokuwa. Hutumiwa kulainisha maneno. Mgeni asema, “Ningependa kuonana na mzee,” naye kweli apenda, tena apenda sasa. Kwa kutumia -NGE- ameurudisha mlango kidogo, ili mwenyeji akikataa, pasiwe na aibu kwa mmoja wao. Hii ni adabu njema, wala hatuikatazi.

Lakini adabu ina mpaka. Tuliona barua moja iliyoandikwa, “Ningeomba msamaha kwa kosa langu.” Mzee aliyeipokea aliisoma, akaikunja, akasema, “Ungeomba! Na ni nani aliyekuzuia? Basi omba.” Msamaha huombwa kwa mlango wazi: “Naomba msamaha.”

Ahadi nayo ni vivyo hivyo. Mdeni aandikapo, “Ningelipa deni langu mwezi ujao,” hakuahidi kitu. Nyuma ya neno lake yuko “kama” aliyejificha: kama ningepata fedha, kama ningekuwa na nafasi, kama mambo yangekuwa mazuri. Mwenye kudai akiridhika na neno hilo, mwezi ujao atapata “ningelipa” nyingine. Yampasa amwambie mdeni wake aandike “Nitalipa,” au, ikiwa kuna sharti la kweli, “Nikiuza pamba yangu, nitalipa.” Hapo pana ahadi, na pana siku ya kuitimiza. Sisi tuliokosa katika hati ya minazi tumejifunza somo hili kwa aibu.

KUPIMA SABABU

Mtu aweza kudhani kwamba maneno ya jambo lisilokuwa ni maneno ya bure, kwa kuwa yaliyopita hayarudi. Si hivyo. Kwa silabi hizi ndipo tunapopima sababu za mambo. Ukitaka kujua kama jambo fulani ndilo lililoleta jambo jingine, liondoe katika fikira zako, uone kama lile la pili lingalisimama.

Tutoe mfano katika habari za lugha yetu yenyewe. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano Mombasa, na Kiswahili cha Unguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wengine husema, “Usingalikuwapo mkutano ule, Kiswahili kisingalienea bara.” Tuipime kamba hii. Kabla ya mwaka 1900, misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiswahili Tabora na Ujiji, na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tukiuondoa mkutano wa 1928 katika fikira zetu, misafara ile haiondoki pamoja nao. Basi kamba hiyo ni dhaifu: Kiswahili kingalienea.

Lakini tukisema, “Kimvita kingalichaguliwa mwaka 1928, vitabu vya shule vingaliandika ‘ndia’ mahali pa ‘njia’ na ‘mato’ mahali pa ‘macho’,” kamba hii ni imara, maana ndivyo Wamvita wasemavyo. Hivyo twajua kwamba mkutano ule haukuleta kuenea kwa lugha. Ulileta sura ya lugha katika vitabu. Mwenye kupima hivi hupata elimu. Mwenye kusema “ingalikuwa hivi, ingalikuwa vile” bila kupima kamba hupata porojo tu.

Ndivyo ilivyo na mambo ya kijiji. Ghala imeungua. Mmoja asema, “Lingalikuwapo pipa la maji karibu, moto ungalizimwa.” Mwingine asema, “Asingalipita mgeni yule mchana, ghala isingaliungua.” Maneno yote mawili yana umbo moja, lakini kamba zao si sawa. Wa kwanza ametuonyesha la kufanya kesho: tuweke pipa. Wa pili amemshitaki mtu bila ushahidi. Wazee wa kijiji wasikiapo -NGALI- kinywani mwa mtu, na wamwulize kwanza, “Kamba yako umeifungia wapi?”

MAZOEZI

Msomaji na ajaribu kuziambia sentensi hizi habari yake ya kweli, kabla ya kutazama majibu.

1. Asingalichelewa, angalipata gari.
2. Kama alichelewa, hakupata gari.
3. Mzee angali akilima.
4. Mzee angalilima, angalivuna.
5. Lisingalikuwapo daraja, tusingalivuka.
6. Ungekuwa na ng'ombe, ungekunywa maziwa kila siku.
7. Ukiwa na ng'ombe, utakunywa maziwa kila siku.

Majibu: (1) Alichelewa, wala hakupata gari. (2) Hatujui kama alichelewa. (3) Mzee bado analima. (4) Mzee hakulima, wala hakuvuna. (5) Daraja lilikuwapo, nasi tulivuka. (6) Huna ng'ombe, wala hunywi maziwa kila siku. (7) Hatujui kama utapata ng'ombe. Lakini ukimpata, maziwa yapo.

Wazee wetu wamesema, majuto ni mjukuu, huja baadaye. Na mjukuu huyo neno lake la kwanza ni “ningalijua”. Hatuwezi kumzuia asije, lakini twaweza kumpa kazi. Akisema “ningalijua,” na aeleze ni jambo gani hakulijua, na ni nani angalimfundisha, ili mwingine asikose kama yeye. Sisi tumekwisha kueleza letu. Yeyote atakayeketi kesho kumwandikia mzee hati, na amsikilize kwanza vema, kisha amsomee polepole kila neno aliloliandika. Na mzee akisema “akirudisha”, kalamu iandike AKIRUDISHA.